Siku Tuliyomkabidhi Katibu Ufunguo Wake

Nikimwambia mtu hapa Musoma kwamba mimi ni kipa wa timu ya kriketi, ananiangalia kama nimemwambia nafuga pundamilia. "Kriketi ndiyo nini?" Namweleza: mtu anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anaupiga kwa ubao, halafu anakimbia kwenda na kurudi kama aliyesahau kitu nyumbani. Nyuma yake kuna vijiti vitatu. Mpira ukiviangusha, ametoka. Nyuma ya vijiti niko mimi. "Aaah," anasema, "ule wa Wahindi." Basi, mazungumzo yamekufa, tunarudi kwenye mpira wa miguu.

Simlaumu. Klabu yetu ukiiangalia ni ya kusikitisha. Tuna kiwanja ambacho asubuhi watu wanajifunzia kuendesha gari, na jioni mbuzi wa Kamunyonge wanakitumia kuliko sisi. Tuna mkeka mrefu wa katani ambao unapigiliwa misumari katikati ya kiwanja ili mpira udunde vizuri. Tuna sanduku la bati la kuwekea vifaa, lina kufuli. Na ufunguo wa kufuli hilo unaning'inia shingoni mwa mzee mmoja ambaye sote tunamwita Katibu. Hata marehemu mke wake alikuwaga anamwita Katibu.

Katibu ni fundi makochi. Aliingia kwenye klabu akiwa kijana, siku aliyopeleka kochi kwa tajiri mmoja mjini akakuta wenye timu wamepungukiwa mtu. Wakamwambia asimame pale mbali, mpira ukija audake. Ukaja, akaudaka, na hakurudi tena kuwa fundi makochi mtupu. Baadaye wale wenye maduka wakaanza kuhama, mmoja mmoja, wengine Mwanza, wengine nchi za watu, na kila aliyeondoka alimwachia kitu. Mmoja alimwachia mhuri, mwingine mkeka, wa mwisho akamwachia ufunguo. Tangu hapo kila mkutano mkuu wa mwaka anachaguliwa tena kuwa katibu kwa sababu ni yeye peke yake anayehudhuria. Anafyeka nyasi, anapanga mechi, anapiga, akitoka kupiga anavaa koti jeupe anakuwa refa. Vikinga vya miguu vikichanika anavishona kwa sponji la makochi. Vya kwangu vina maua mekundu makubwa. Kuna familia Kigera ikija uwanjani itatambua kochi lake.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kupanga tarehe, na hapa nisikilizwe vizuri, maana ndipo kila kitu kilipoharibikia.

Wachezaji wetu wazuri ni wavuvi wa dagaa. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkali taa haina maana, kwa hiyo wavuvi wanatoka visiwani, wanakuja mjini kupumzika, kunyoa na kugombana na wake zao. Ndipo Katibu anapowakamata. Sisi ni klabu ya kriketi inayofuata mwezi kama Ramadhani. Timu ya Bunda ikipiga simu kuuliza, "Tuje Jumapili ipi?" Katibu alikuwa anatoka nje ya kibanda chake cha makochi, anatazama juu, anarudi kuwajibu. Mwezi ukiwepo tulikuwa timu. Mwezi usipokuwepo tulikuwa mimi, Nahodha ambaye ni mwalimu huko Butiama, na watoto wawili wa shule ya msingi wanaofuata soda.

Mambo ya macho yalianza kama kichekesho. Siku moja Katibu akiwa refa alimwona kijana amesimama vibaya kule pembeni, akampungia mkono. "We mura, sogea kushoto! Kushoto!" Alikuwa mbuzi. Tena mbuzi mwenyewe akasogea kushoto. Tulicheka mpaka Nahodha akakaa chini. Katibu naye alicheka, akasema yule ndiye mchezaji pekee anayemsikiliza. Ila nilipokwenda kumsaidia kung'oa misumari ya mkeka, nilimwona anapapasa chini kwa kiganja, anautafuta msumari ulio mbele ya pua yake. Nikaung'oa mimi.

Binti yake, ambaye ni nesi Mwanza, alichukua likizo akaja. Akampeleka Bunda kwa daktari wa macho. Walirudi jioni, nikamkuta dada yule nje ya kibanda amekaa kwenye kochi lisilo na kitambaa.

"Ni presha ya macho," akaniambia. "Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, lakini ni dawa kila siku na kliniki kila mwezi. Hapa yuko peke yake. Dawa yenyewe anajimwagia shavuni. Nataka nimchukue nikae naye."

"Mchukue, dada."

"Amegoma. Anasema mpaka apate wa kumkabidhi klabu."

Mle ndani Katibu akakohoa. "Sijagoma. Nimesema nani atafungua sanduku? Jumapili mbili tu likikaa limefungwa, wale wa magari watapanga koni zao za udereva hadi katikati. Nipatieni mtu, hata kesho naondoka."

Na mtu alikuwepo. Hiyo ndiyo inayoniumaga. Alikuwepo kijana mmoja anayevua kambi ya kisiwa cha Rukuba, na sisi tunamwita Rukuba hivyohivyo. Ndiye mrushaji wetu mwenye kasi. Mipira yake nikiidaka, jioni siwezi kushika kalamu, na mwalimu wa hesabu anadhani ni uvivu. Mwezi uliotangulia, Katibu alimketisha kwenye kochi akamweleza yote. Rukuba akakubali. Alisema ana mpango wa kuachana na ziwa, anafungua banda la kuchaji simu hapahapa mjini, atakaa na ufunguo. Katibu alifurahi hadi akamfundisha kushona mpira. Ilibaki siku ya kukabidhiana tu.

Sasa ndipo wakubwa wakasikia kwamba Katibu anastaafu.

Mwenyekiti wa kamati ya sherehe alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Alicheza kriketi ujanani, tumbo likamkataza. Alikuwa na nia njema, nasema kwa dhati, na nia njema ya mtu mwenye duka kubwa haizuiliki. Alitaka Katibu aagwe kwa heshima: mechi dhidi ya Bunda, turubai, MC, keki, mgeni rasmi. Tena iwe siri, mzee ashtukizwe. Tarehe akaenda kuiomba kwa mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa ofisi, naye akafungua ratiba yake akatoa Jumapili aliyokuwa hana semina.

Katibu aliambiwa Alhamisi, kadi zikiwa zimeshagawiwa. Mwenyekiti alikuja kibandani na kadi yenyewe, ina maua, ina jina la Katibu kwa herufi za dhahabu. Mimi nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, maana hiyo ilishakuwa kazi ya kila anayepita.

"Umependa, mzee wetu?"

"Nashukuru sana, Mwenyekiti. Mungu akuzidishie. Ni Jumapili ipi?"

"Hii hii inayokuja!"

Midomo ya Katibu ilikuwa inahesabu. "Jumapili hii ni giza," akasema.

"Usihofu, mzee. Jenereta nimeshalipia."

Nilicheka. Nilidhani Katibu naye atacheka. Alikuwa ameigeuza kadi anaipapasa zile herufi za dhahabu, kama zinaweza kusogezwa.

Nahodha alimpigia Rukuba. Kule kisiwani mtandao unapatikana ukipanda juu ya jiwe fulani, kwa hiyo sauti ilikuja na upepo mwingi.

"Jumapili?" Rukuba akasema. "Nani kapanga Jumapili? Katibu hawezi kupanga hivyo."

"Wamepanga wakubwa. Njoo, mura. Ni siku moja."

"Siku moja ya giza, unaijua wewe? Nikitoka mtumbwini, tajiri mwenye mtumbwi anaweka mtu mwingine, na hela ya banda ndiyo naitafutia humu. Mwambie mzee anishikie mpaka mwezi utoke. Mwambie nimesema naupokea, ila anishikie."

Binti yake Katibu alikuwa amesimama pembeni, anasikia. Likizo yake ilikuwa inaishia Jumatatu ile.

Jumapili ikafika. Turubai lilifungwa upande wa ziwa, spika kubwa zikawekwa, na MC akaja amevaa suti ya zambarau. MC huyo ni wa harusi. Ni mzuri sana, usinielewe vibaya, ameozesha nusu ya Musoma. Kriketi hakuijua hata kwa kuota. Alimwuliza Nahodha, "Maharusi wanaingilia wapi?" halafu akajirekebisha.

Bunda walikuja kwenye Noah moja na hawakuijaza. Nao wavuvi wao walikuwa ziwani. Tukajumlisha watu, tukawagawa, tukamwazima dereva wa Noah asimame pembeni. Timu zilikuwa zinatosha kama ungekuwa unaangalia ukiwa kule kisiwani Rukuba.

Katibu alipigilia misumari ya mkeka mwenyewe, hakutaka msaada. Kisha akavaa vikinga vyake akaenda kupiga wa kwanza. MC akapiga wimbo wa kuingizia wazazi wa bwana harusi. Mimi nilikuwa nyuma ya vijiti, kwa hiyo niliona kila kitu. Mrushaji wa Bunda alikuwa kijana mstaarabu. Alirusha mpira taratibu, kama unavyomrushia mtoto chungwa. Katibu akapunga ubao, mpira ulishapita. Akarusha taratibu zaidi. Ukapita.

"Kijana," Katibu akasema, "umekuja kucheza au kunigawia futari? Rusha."

Yule kijana akanitazama. Nikamwonyesha kwa kichwa: rusha. Akarusha kweli. Vijiti vilianguka vyote. Refa, naye wa Bunda, akapaza sauti: "Mpira haukuwa halali! Mzee anaendelea!" Watu turubaini wakapiga makofi.

Katibu hakuendelea. Aliweka ubao kwapani akaanza kutembea.

"Katibu," nikamnong'oneza, "refa amesema bado."

"Nimesikia vijiti," akasema. "Nielekeze turubai liko wapi, binti. Hizi spika zinanichanganya."

Nikamshika kiwiko, tukaenda. Gari la mazoezi ya udereva, ambalo hakuna aliyelifukuza, lilitupisha, likazima.

Mgeni rasmi alifika mechi imeshaisha, ikawa afadhali. Alihutubia juu ya faida za michezo, akatuonya juu ya dawa za kulevya, akasema anaamini siku moja mkoa wa Mara utatoa mfungaji bora wa taifa. Kisha akamkabidhi Katibu kombe. Mara nzima hakuna duka linalouza kombe la kriketi, kwa hiyo juu yake alisimama mtu wa dhahabu anapiga mpira kwa mguu. Katibu alilipapasa, kidole kikaufikia ule mpira mguuni, kikatulia hapo. "Asanteni," akasema. "Ni zito."

Halafu likaja lile lenyewe. Binti yake alikuwa ameuvua ufunguo shingoni mwa baba yake asubuhi, akaufunga utepe, akauweka kwenye sahani juu ya meza ya zawadi. Alikuwa amemweleza MC kwamba mzee atamkabidhi mtu ufunguo. Hakumwambia ni nani, kwa sababu hakujua. Rukuba hakuwepo, lakini dada aliamini kati ya watu wote wale walioimba na kula keki hatakosekana mmoja wa kusema, nipe nikae nao hata mpaka mwezi utoke.

Katibu akapewa maiki. Hakuongea sana. "Ndugu zangu, naona kidogo sana sasa. Nataka kwenda na mwanangu. Nahitaji mtu mmoja wa kufungua sanduku Jumapili. Siyo kazi kubwa. Anyanyuke, hata kama simwoni, mtanishika mkono."

Kimya. Kimya kile nakijua, ni kile cha darasani mwalimu anapouliza nani hakufanya zoezi. Nahodha alikuwa anaangalia viatu vyake. Kutoka Butiama ni pikipiki na barabara, na shule yao walimu ni wachache, anafundisha hadi Jumamosi. Mwenyekiti alikuwa ghafla na simu muhimu. Wa Bunda walikuwa wa Bunda. Na mimi nilikuwa na sare ya shule, mtihani wa kidato cha nne mbele yangu, na mama aliyeapa kwamba mwaka huu nikishika ule ubao tena atasonga nao ugali. Nilimtazama dada yule. Alikuwa anatupitia mmoja mmoja kama anayehesabu wagonjwa.

MC wa harusi ana adui mmoja tu duniani, na adui huyo ni kimya. Yule bwana aliona mzee amesimama, watu wametulia, kwenye sahani kuna ufunguo wenye utepe. Kichwani mwake hesabu ilikaa sawa. Akaruka mbele.

"Eeeh! Nasema hivi! Mzee wetu hatembei tena kwa miguu! Kamati imenunua, imenunua nini?"

"Pikipiki!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Di-jei, niwekee mzigo! Wote tunyanyuke, tumsindikizie mzee ufunguo wake!"

Muziki ukafyatuka. Na wewe unajua sisi. Ukisikia wimbo wa zawadi miguu haisubiri ruhusa. Watu ambao sekunde chache nyuma hawakuweza kunyanyuka kwenye viti, sasa walinyanyuka wote. Foleni ikajipanga, akina mama mbele na vigelegele, Mwenyekiti akaacha simu akaingia, Nahodha akasukumwa akaingia, hata mgeni rasmi alitikisa bega moja. Sahani ikapita mikono hadi mikono, ikazunguka turubai mara mbili, ikafika kwa Katibu. Mama mmoja akautoa ule ufunguo, akamvalisha shingoni, akambusu.

Nitasema ukweli: ilichekesha. Mpaka leo nikiisimulia shuleni watu wanagaragara. Binti yake, yule nesi, alikuwa anapiga kelele, "Hapana, jamani, siyo hivyo!" lakini spika zile zimetengenezwa kushinda ndugu wa bibi harusi, yeye ni nani. Katibu aliinua mkono akaushika ufunguo kifuani. Akaugeuza. Aliujua hata bila macho. Kisha akaanza kucheka, mabega yakitikisika, na akina mama wakadhani ni furaha, wakaongeza vigelegele.

Muziki ulipokatika watu walitoka kwenda kuangalia pikipiki. Wakakuta gari la udereva.

Kesho yake nilikuwepo binti yake alipofunga mabegi mawili. Katibu akalifungua lake, akatoa nguo moja moja akazirudisha kwenye msumari ukutani.

"Baba, yule mtu alikosea. Kila mtu anajua alikosea."

"Alikosea yeye. Wale wengine?"

"Baba."

"Nilisema mtu mmoja anyanyuke, mwanangu. Wakanyanyuka wote, wakanirudishia." Hakusema kwa hasira. "Nenda usije ukachelewa kazini. Mwezi ukitoka Rukuba atakuja, na mimi nitakuja."

Dada akaacha dawa ya matone dirishani, akanionyesha jinsi ya kumshika kope. Akaondoka na begi moja.

Mwezi ulitoka. Rukuba alikuja kama alivyoahidi, amenyoa, na mfuko wa dagaa mkononi. Alikaa kwenye kochi lilelile. Akasema tajiri wake amehamisha mitumbwi, samaki huku wameisha, kambi imehamia visiwa vya mbali upande wa Ukerewe. Banda la kuchaji simu litasubiri. Alikuja kuaga na kurudisha viatu vya klabu. Alivifuta kwanza.

"Ungeniwekea ile siku kwenye mwezi, mzee," akasema, "ningebaki. Haki ya Mungu ningebaki."

"Ile siku haikuwa yangu kupanga," Katibu akasema. Walishikana mikono muda mrefu, kisha Rukuba akaenda.

Siku hizi Jumapili zetu ziko hivi. Katibu anakuja kwa kuufuata ukuta, halafu anahesabu hatua. Anafungua sanduku. Mkeka tunautandika, misumari anapigilia kwa kupapasa. Vidole vyake viwili havina kucha tena. Bunda hawapigi simu. Koni za udereva zimeshafika mwisho wa mkeka, wanatuomba radhi wakitupita. Dawa ikiisha, nyingine inachukua muda kufika kutoka Mwanza, na daktari alisema kilichopotea hakirudi. Lile kombe analo kibandani, anatundikia uzi kwenye mguu wa yule mtu wa dhahabu. Mimi baada ya mtihani sijui nitapelekwa shule ya wapi, na sijamwambia.

Jumapili iliyopita tulimaliza kufunga sanduku, jua linazama upande wa ziwa. Tulipofika kibandani akasimama nje ya mlango, uso juu, kama zamani.

"Binti, niangalizie. Mwezi umetoka?"

Nikaangalia kila upande. Niliangalia hata nyuma ya mnara wa simu.

"Bado, Katibu."

"Unanitania wewe."

"Sikutanii."

Akaendelea kutazama juu kidogo, akaurudisha ufunguo ndani ya kanzu. "Basi Jumapili tutakuwa wangapi?"

"Wawili," nikasema. "Na mbuzi."

Hakucheka. "Mwambie asogee kushoto," akasema, akanyoosha mkono kuutafuta ukuta.